Fundo la Nyasi Zisizokauka

Ingieni, wanangu, ingieni wote, na wewe Nurdini acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Njoo ukae hapa penye miguu ya kitanda, hapo alipokuwa akivulia viatu marehemu baba yako. Hafsa, niinulie mto huu kidogo, lakini dirisha usiliguse, liache wazi, maana leo Tuamzigo wako nyumbani, mechi ya ligi ya mkoa, na mimi sikuwahi kuikosa mechi ya nyumbani hata siku niliyokuzaa wewe: uchungu ulinishika wakipiga kona, nikamwambia mkunga angoje kwanza tuone. Sheikh Mabruki, ahsante kwa kuitika wito, kaa kwenye kiti. Siyo hicho, hicho kina mguu wa uongo. Pelagia, wewe shoga yangu sikukuita, lakini najua habari yoyote ikizaliwa mtaa huu wewe ndiye unayeikata kitovu, basi kaa nawe uwe shahidi.

Mimi Mwanajuma binti Majidi nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na kama yupo anayezitilia shaka aniulize mtoto gani wa mtaa huu anafanana na baba gani. Nitawataja wote bila kukosea, tena nitaanzia nyumba ile ya rangi ya bluu. Sheikh, usikohoe. Nimeacha.

Mali yangu mnaijua. Nyumba hii na mizinga yangu ya nyuki kule Igalula mtagawana kama Kitabu kilivyosema, na Sheikh yupo, msije mkakitafsiri wenyewe kwa ngumi. Chungu changu kikubwa cha udongo nampa Pelagia, ambaye amekuwa akikiazima tangu alipoletwa mtaani bibi harusi, mpaka chungu chenyewe sasa hakijui kwao ni wapi. Na kile kiwanja kinachopakana na dirisha langu, kiwanja nilichoachiwa na mama yangu, naye na mama yake, hakizidi theluthi ya mali yangu, Sheikh amepima. Hicho sikigawi kwa mtu. Nakifanya wakfu kwa watoto wa mtaa huu na kwa timu yake. Tulia, Nurdini. Najua umeshazungumza na yule mtu wa makapeti ya uwanjani, najua mmeshapeana mikono, na najua alikunywa chai ya nani. Haraka ya nini? Sikiliza kwanza, kwa kuwa neno ninalotaka kulisema ni moja tu, na nikilisema vibaya mtabaki na mimi humu ndani, na hamtapenda.

Kile kiwanja kilikuwa kiwanja kabla mpira haujafika nchi hii. Hapo ndipo misafara ya wapagazi ilipokusanyika kabla ya kushika njia ya pwani na pembe mabegani, na hapo ndipo waliporudi wakatua mizigo yao, ndiyo maana pakaitwa Tuamzigo, na timu ikarithi jina. Bibi yake bibi yangu alikuwa mke wa mpagazi, akipika uji wa msafara, na hii desturi ninayowaambia aliiona kwa macho yake. Alfajiri ya kuondoka, kila mpagazi aliinama akashika nyasi mbili za ukoka, akazifunga fundo zikiwa bado zimeota, akasema moyoni: nishike hapa mpaka nirudi. Akirudi, yeye na yule aliyemngoja, awe mke au mama au dada, waliinama pamoja, huyu akashika ncha hii na huyu ile, fundo likafunguka, na hapo ndipo mtu alipohesabika kuwa amefika. Na asiyerudi? Asiyerudi alisubiriwa mpaka kiangazi, jua likazikausha zile nyasi, fundo likawa vumbi, na yeye popote alipoangukia, Ugogo au wapi, hakuwa tena na kitu kinachomvuta. Akalala. Kamba hukatikia pabovu, wanangu, na mimi nawaambia, hapo pabovu ndipo Mungu alipoificha rehema.

Lakini alikuwapo mmoja, Sabiri jina lake, mjanja, mtu asiyeamini nyasi. Akasema nyasi ni kitu gani, mbuzi anapita anakula roho yangu? Akavua udodi mkononi, ule waya mwembamba wa shaba waliokuwa wakijipamba nao, akauzungushia shina la ukoka ardhini, akafunga kwa waya, akaenda zake anacheka. Hakurudi. Wenzake walirudi wakasema wamemzika njiani kwa mikono yao, wakamletea mkewe nguo yake. Yule mwanamke akakaa eda, akalia, akanyamaza. Basi ikawa kila jioni wanawake wakichota maji, wanasikia nyuma yao mtu anayehema kama aliye kwenye kazi nzito, kisha kishindo cha mzigo uliotuliwa, pu! Wakigeuka hakuna mtu. Halafu mhemo tena, wa mtu anayejitwisha upya. Kila jioni anafika, anatua, na hajafika. Masika yakapita na kiangazi kikapita, ukoka ukafa ukaota, waya uko pale pale unang'aa. Mwishowe mkewe akautafuta kwa kupapasa, akaushika ncha moja, akapiga magoti jua likizama, akamwita kwa jina lake la utotoni. Bibi yake bibi yangu alikuwa pale na ndoo kichwani. Alisema ncha ya pili ilinyanyuka yenyewe, ikavutwa taratibu, kama inavyovutwa na mtu asiyetaka kumuumiza mwenzake, na waya ukanyooka kama uzi. Tangu jioni ile hakuna aliyesikia kishindo.

Msinitazame hivyo. Mungu ndiye anayefunga na ndiye anayefungua, sisi tunachezea nyuzi tu. Lakini hata mtoto akichezea uzi anaweza kujinyonga. Na desturi yenyewe haikufa, ilihamia kwenye mpira. Nani katika mtaa huu hajafunga ukoka kabla ya mechi, akaomba goli, akaomba mvua isinyeshe, akaomba yule refa apatwe na tumbo? Sheikh, siku ile ya mechi ya kupanda daraja nilikuona mimi nyuma ya goli, umeinama muda mrefu kuliko mtu anayefunga kamba za viatu, na ulikuwa umevaa kandambili. Hatukupanda, lakini sikulaumu. Tulifunga wote, tukaenda zetu, tukasahau, na jua likatufungulia. Ndivyo tulivyozoea: kufunga ni kazi yetu, kufungua ni kazi ya kiangazi. Watu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, ila hawaendelei wakasema kwamba fahali huchinjwa wote wawili, na nyasi hurudi masika.

Sasa Nurdini, mwanangu wa kwanza, sitakusingizia. Ulisema kweli nyingi. Ulisema masika mpira unazama kwenye tope, na kiangazi refa hapigi filimbi mpaka akohoe kwanza. Ulisema watu wa ligi wametuonya kwamba tusipoyatengeneza yale mashimo ya golini tutakuwa wenyeji kwenye viwanja vya watu. Kipa wetu Jilala, kijana wa watu, kila akitaka kuruka ilimbidi atazame kwanza pa kuangukia, mbigili au jiwe, na alipomaliza kuchagua mpira ulikuwa umeshamsalimu wavuni. Yote kweli. Ukaenda ukaleta kwenye lori lile kapeti la nyasi za plastiki, lililobanduliwa kwenye kiwanja cha mjini huko mbali baada ya kuchakaa, ukalitandika kwenye goli la upande wetu huu kwa majaribio, ili tukilipenda yule mtu wako alete jipya afunike kiwanja chote mpaka barabarani.

Hafsa akakwambia usifunike uso wa kiwanja cha mama. Ukamwambia, nami nilikuwa jikoni nasikia, wewe lia na majani yako, wenzako tunaendelea. Akakumwagia maji ya vyombo, tena yalikuwa na magamba ya perege, nilicheka mpaka nikashika ukuta, Mungu anisamehe. Ukapanda treni ukarudi Kaliua kwenye mbao zako, ukaapa hukanyagi hapa mpaka kapeti lifike barabarani. Ndugu wawili wa tumbo moja hamkusalimiana tena, na salamu zenu zikawa zinapitia kwa Pelagia, ambaye alizitia chumvi. Pelagia, usikatae, moja niliisikia ilipotoka na nikaisikia ilipofika, hazikuwa na sura moja.

Mwanzoni tulilisifu lile kapeti. Kijani mwaka mzima! Watu walitoka Kitete kuja kupiga picha. Jilala aliruka kama panzi. Kisha akarudi magoti yamechubuka kama aliyepigwa pasi, kwa kuwa kitu kile mchana kinashika moto. Na zile punje nyeusi za mpira zilizomo ndani yake zikaanza kutufuata nyumbani, kwenye mikeka, kwenye uji, mpaka kwenye sikio langu hili nikiamka. Hayo ni madogo. Nilikuwa nakaa dirishani hapa, sina kazi, na mwanamke asiye na kazi huona mengi. Umande ulikuwa unaanguka kiwanja kizima na kuishia ukingoni mwa kapeti. Mbuzi wa jirani walikuwa wanakuja wakila ukoka mpaka pale, wanainua vichwa wanatazama golini, wanarudi kinyumenyume. Mbuzi, mnyama anayekula hata kanga kwenye kamba. Na mpira wenyewe! Tangu kapeti litandikwe, kuna mtu amewahi kufunga kwenye lile goli, wetu au wao? Mpira unapigwa, unakwenda vizuri, unafika karibu na mstari unapunguza mwendo kama mtu aliyesahau alichofuata. Sare. Hata goli la mbali wakiingiza moja, nasi twaingiza moja: kila mechi ya nyumbani sare. Watu wanasema Jilala ameiva. Jilala mwenyewe aliniambia hapa, akiwa amechuchumaa chini ya dirisha: Bibi, mimi siudaki, unakuja mikononi umeshachoka.

Kisha nikaanza kuwaona wao. Siyo wao hasa, njia yao. Hakuna upepo, hata kanga kwenye kamba zimetulia, na kule mbali upande wa barabara ukoka unalala chini, upana wa mtu mmoja, mstari mmoja, unakuja taratibu kama unavyokuja msafara, kila aliye nyuma akikanyaga alipokanyaga wa mbele. Ndivyo walivyopita siku zote, mama yangu alinionyesha nikiwa mdogo, hawana neno na mtu. Lakini sasa wakifika kwenye kapeti wanasimama. Mstari unakatika pale. Siku hadi siku, nyuma unazidi kurefuka, na karibu na ukingo ukoka umelala sehemu pana, kama mahali palipokaa watu wengi na mizigo yao. Na tangu nilipoanguka kitandani, mstari umepinda. Umekuja hapa. Inuka utazame chini ya dirisha, Nurdini, usiogope, wewe si mwenye elimu? Umeona ulivyolala? Jioni wananisalimu, mwangaluka, mwangaluka, salamu ya asubuhi, ilhali jua linazama. Kwao bado ni alfajiri ile ile ya kuondoka.

Wamenifuata mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Ndiyo, Hafsa, usilie, tulisema leo tutalisema. Siku ile ulipotoka kunipaka hina, mimi nilikuwa naenda zangu. Nilikuwa najisikia vizuri, kama usingizi wa mchana baada ya ugali wa uwele, miguu nyepesi, hata marehemu baba yenu niliusikia mluzi wake wa ovyo. Mara nikavutwa kifundo cha mguu, hapa, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nikafumbua macho, nikatazama dirishani, nikakuona wewe mwanangu umepiga magoti nyuma ya goli, kwenye mwamba wa kushoto, unafunga. Ulikuwa unaomba nisiende mpaka kaka yako aje. Ulitaka kufunga nyasi, najua, ila kilikuwa kiangazi, ukoka wote ulikuwa umeliwa mpaka mizizi, na kitu cha kijani kilichokuwa karibu kilikuwa kile. Ulifanya kwa mapenzi. Lakini ulifunga kwa kitu kisichokauka.

Sheikh, sogea, shika mkono wangu huu, wewe ni mwanamume wa dini hutaogopa. Tazama hina kwenye kucha. Alinipaka kabla ya mvua za kwanza. Sasa mahindi yamevunwa. Ukucha wa mtu aliye hai husogea, hina ikapanda, chini pakabaki peupe. Yangu iko wapi? Imegusa nyama, kana kwamba alinipaka jana. Na wewe Pelagia, lete kile kioo cha kabati ulete mdomoni kwangu. Umeona mvuke? Yule daktari alisikiliza kifua changu, akasikiliza tena, akaenda kuleta kipimo kingine, kisha akamwambia Hafsa kwa adabu sana amrudishe bibi nyumbani akapumzike. Kijana mpole. Alitoka bila kugeuza mgongo, kama wale mbuzi.

Mtaniuliza kwa nini sikusema mapema. Kwa sababu nami nilitaka kukuona, Nurdini. Fundo lilikuwa la dada yako, lakini kungoja kulikuwa kwetu sote wawili. Leo asubuhi nilisikia treni, nikasikia hatua zako uani, nikasikia jinsi ulivyosita mlangoni kama ulivyokuwa ukisita ukivunja kitu. Nimekuona. Umenenepa, umeanza upara wa babu yako, marahaba, marahaba mwanangu. Sasa nimechoka. Njaa sina, usingizi sina, chai haina ladha, hata umbea, Mungu wangu, hata umbea naanza kuusikia kama maji. Hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini haya yangu mmeyafunga ncha.

Kwa hiyo huu ndio wosia wangu, mengine yote yalikuwa ya kujaza mdomo. Filimbi hiyo ni ya mapumziko. Tokeni sasa hivi, ninyi wawili, nendeni kwenye mwamba wa kushoto wa lile goli, mkalitafute. Aliyefunga ashike ncha moja na aliyengojewa ashike ya pili, kama wapagazi na wake zao, kwa maana mmoja peke yake atavuta mpaka kesho. Msikate kwa wembe. Kilichokatwa hakijafunguliwa. Wapinzani watapiga kelele kwamba wachawi hao golini, waacheni wapige, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ondoka, Nurdini. Vua viatu hivyo vya bei, utapiga magoti. Hafsa, nenda na kaka yako. Njoo kwanza nikunuse. Haya.

Pelagia, nisaidie nigeukie dirisha. Hivyo. Sauti yangu haifiki mbali, wewe utaniitia, unayo ya kuazimisha. Waambie kushoto, kushoto, wasiende upande wa Jilala. Wamefika. Wamepiga magoti. Sikia wale wageni wanavyozomea! Sawasawa, nilisema. Mbona wamesimama tena? Anasemaje Hafsa? Sijasikia, nirudishie. Anasema yapo mengi. Mengi vipi? Anasema kapeti lote limefungwa. Kila mahali anapoweka mkono ni fundo, na fundo, na fundo, mstari hadi mstari.

Loo. Kumbe ndiyo hiyo.

Ni sisi, Pelagia. Ni mtaa mzima. Tumefunga kama tulivyozoea tukaenda zetu kulala tukingoja kiangazi kitufungulie, na kiangazi hakina mamlaka pale. Maskini magoli yetu yote yale. Maskini na huyo aliyeomba mume, maana lazima yumo, na ninamjua. Mwambie Nurdini asiogope, aite watu, aite Jilala, aite hata hao wapinzani, kila aliyefunga afungue lake, na asiyelikumbuka lake afungue lolote lililo mbele yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, leo tuubebe tuone. Sheikh, na wewe? Nenda. Nenda, hakuna atakayekuuliza, wote watakuwa wameinama. Wosia wangu umeshausikia.

Tazama, Pelagia, wanavyomiminika. Wameingia. Wale wageni wenye jezi nyekundu nao wameingia. Refa ameweka filimbi mfukoni, kumbe naye. Sijawahi kuona watu wengi hivi wamepiga magoti kwenye kiwanja cha mpira na hakuna anayesema. Unausikia ule mlio mdogo? Kama mtama unaokaangwa. Yanafunguka.

Sasa niwahi, maana lolote kati ya hayo laweza kuwa langu, na sitaki linikatie kauli. Niitie haya kwa sauti. Nurdini, lile kapeti likishafunguliwa lote, lisichomwe na lisitupwe; lipeleke kwako Kaliua kwenye kiwanja chochote kipya, au lipe shule, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua mzigo, watoto wachezee, wala silaani kitu kilicholetwa kwa nia njema, ila Hafsa aende awakataze kufunga mafundo. Hapa Tuamzigo chimbeni kisima. Zibeni mashimo kwa udongo wa kichuguu, mwagieni samadi, pandeni ukoka kwa mkono wakati wa masika, na yule mtu wa makapeti mwambieni mama amekataa, mama ni mkorofi, nisingizieni tu, nitakuwa mbali. Watu wa ligi wakija, waonyesheni. Wakikataa, chezeni ligi ya chini hapo hapo. Kuna waliokaa chini ya hiyo ligi kwa muda mrefu zaidi na hawakulalamika.

Na mimi msiniwekee saruji, mniwekee udongo, na juu ya udongo ukoka, uote, ufe, uote.

Amesema nini? Hafsa ameliona? Ni lile, nimelijua, nimelisikia huku mguuni. Limekaza. Waambie taratibu, wasigombane, ee Mungu wameanza, hata hapo, kama walivyokuwa wakigombania maandazi. Nurdini anatumia meno. Mwache. Alilileta mwenyewe, na alionje.

Pelagia, ule mstari wa ukoka chini ya dirisha umenyanyuka. Wamesimama. Wanajitwisha. Mmoja amegeuka ananingoja, ananinyooshea... siyo marehemu mume wangu, huyu simjui, ana alama ya waya mkononi. Mwangaluka, baba. Ndiyo. Nakuja.

Waitie, shoga, waitie kwa nguvu, mimi sauti... Mungu awawekee mkono mmoja juu ya vichwa vyenu viwili. Aliyeshika ncha hii asimwachie aliyeshika ile. Mle pamoja. Mzikane. Mlipofungana, mfunguane kabla ya... kabla ya masika. Radhi zangu zote, Hafsa na magamba yake, Nurdini na kapeti lake, zote, bila kubakiza.

Umelegea. Mguu... umelegea. Wape hongera.

Mzigo mdogo kumbe. Nilidhani... Pelagia, unishikie huku, nami nashika huku. Nitue. Taratibu. Ni...